Vijana wa kompyuta, gawaneni kode zenu, lakini majina ya wakimbizi yalindeni

Familia zilizohama kutoka Masisi, Rutshuru, Nyiragongo na Kalehe zinalijua jambo hili kuliko mimi ninayeliandika. Unafika mahali pa kukimbilia, anakuja kijana mwenye simu mkononi, anakuuliza jina, umri, idadi ya watoto na kijiji ulichotoka. Unajibu. Baada ya wiki kadhaa anakuja mwingine wa shirika lingine, anauliza yale yale. Kisha mapigano yanasogea, unahama tena, na huko unakofika unaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kuandikwa popote. Siku ya kugawa jetoni, mtu mmoja jina lake limo mara mbili, na jirani yake hamo kabisa.

Sababu za fujo hiyo ni nyingi. Kuna mashirika yasiyosikilizana, kuna pesa kidogo, na kuna hata watu wanaofanya biashara ya jetoni. Leo nataka kusema juu ya sababu moja ambayo haizungumzwi sana katika mikutano yetu. Ni namna vijana wetu wanaotengeneza programu za kompyuta na za simu wanavyoitunza kazi yao. Kazi hiyo inakaa ndani ya mashine moja, na maelezo yake yanakaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Mashine ikiibwa au mtu akihama, kazi yote imekwisha. Maoni yangu ni kwamba vijana hao wanapaswa kuweka kode zao na maandishi yao ya kazi mahali ambapo wenzao wanaweza kuyapata, kuyasoma na kuyaendeleza. Na kuna kitu kimoja tu ambacho hawapaswi kukigawa hata kidogo, nacho nitakieleza hapa chini.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kode ni maagizo yanayoandikwa mstari kwa mstari, ambayo kompyuta inayafuata bila kufikiri. Ni kama kumtuma mtoto dukani ambaye hajui kubahatisha: usipomwambia arudishe chenji, hatairudisha. Mara nyingi tatizo moja dogo linatatuliwa na mistari mitano au kumi tu. Kipande kama hicho mtengeneza programu anaweza kumpa mwenzake kama vile jirani anavyompa jirani kaa la moto awashe jiko lake. Maandishi ya kazi nayo ni daftari: hapa nilikwama, hivi ndivyo nilivyotoka, jambo hili usilifanye kwa sababu hii. Kode bila daftari hilo ni kama dawa isiyo na karatasi ya kueleza namna ya kuimeza.

Wengine watasema kwamba kugawa bure ni tabia ya watu wa nje walioshiba. Lakini tuangalie sisi wenyewe tunaishi kwa nini. Simu ya Android iliyo mkononi mwako inaendeshwa na Linux. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliyewaonyesha watu wengine kode yake, nao wakaongeza yao. Mtandao tunaousoma kwa anwani za www ulitengenezwa Uswisi katika kituo cha utafiti cha CERN. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba programu yake ni ya watu wote, bila malipo. Kama kingetaka kutoza ada kwa kila ukurasa, hata habari hii usingeisoma.

Tuje karibu zaidi. Programu ambayo mashirika mengi ya kiutu yanatumia kuwauliza wakimbizi maswali inaitwa KoboToolbox. Neno kobo ni la Kiacholi, lugha ya kaskazini mwa Uganda, na maana yake ni kuhamisha au kupeleka. Walioianzisha ni watafiti Phuong Pham na Patrick Vinck, ambao walifanya uchunguzi kati ya watu walioguswa na vita huko Uganda na hapa kwetu mashariki mwa Kongo. Hawakuanza na ukurasa mtupu. Walichukua kode ya ODK, iliyoanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, chini ya mwalimu Gaetano Borriello. Watu wa ODK waliiacha wazi, watu wa Kobo wakajenga juu yake, nao wakaiacha wazi.

Mfano mwingine ni Ushahidi. Mwezi Januari 2008, wakati Kenya ilikuwa katika machafuko baada ya uchaguzi, Wakenya wachache waliandika programu ya kukusanya habari za vurugu zilizotumwa na raia na kuzionyesha kwenye ramani. Kabla ya mwaka kuisha, programu hiyo ilikuwa imeshaletwa Kivu kufuata mambo ya vita vya wakati ule. Mwezi Januari 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Na katika vituo vyetu vya afya, hesabu za wagonjwa wa malaria na za watoto waliochanjwa zinaingizwa katika DHIS2, programu ya kode wazi inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na kutumiwa na Wizara ya Afya ya Kongo.

Kwa hiyo sisi tunakula kila siku katika sahani ya wengine. Sisemi hivyo kuwaaibisha vijana wetu. Nasema hivyo kwa sababu kuna matatizo ambayo mtu wa Seattle au Oslo hawezi kuyatatua, kwani hayajui. Ni kijana wa Goma, Bukavu au Uvira anayeyajua, na akishayatatua kimyakimya, mwenzake wa mtaa wa pili anaanza tena sifuri.

Tuchukue namba ya simu tu. Mtu mmoja anaiandika kwa tarakimu 10, akianza na sifuri. Mwingine anaweka +243, kisha tarakimu 9. Wa tatu anaandika 00243. Wa nne anaacha nafasi katikati ya tarakimu ili asome vizuri. Kwa jicho la binadamu hiyo ni namba moja. Kwa kompyuta ni namba nne, yaani watu wanne. Hapo ndipo mama mmoja anapata kadi mbili na mwingine anaambiwa orodha imejaa. Dawa yake ni ndogo: futa kila kisicho tarakimu, chukua tarakimu 9 za mwisho, weka 243 mbele. Mistari minne ya kode inatosha.

Lakini ngoja. Wakaaji wengi wa Goma wana kadi ya simu ya Rwanda, ambayo namba yake inaanza na 250 na inafuatwa na tarakimu 9 vilevile. Ukitumia mistari ile minne bila kufikiri, namba ya Rwanda inageuzwa kuwa ya Kongo, na ujumbe wa kumwita mtu kwenye mgao unakwenda kwa mtu mwingine au kupotea. Namba ya Burundi nayo ina tarakimu 8 tu baada ya 257. Halafu kuna jambo la tatu, ambalo hakuna kitabu cha Ulaya kitakufundisha: kambini simu moja inaweza kuwa ya familia tatu. Kijana anayeiambia kompyuta ifute watu wote wenye namba moja akidhani ni mtu mmoja, amezifuta familia mbili kwenye orodha ya chakula.

Hapo ndipo daftari la kazi linaonyesha faida yake. Mistari ya kode peke yake ingemdanganya anayeichukua. Kode pamoja na maneno matatu ya mtu aliyewahi kusimama kwenye mstari wa mgao ni msaada wa kweli: angalia kadi za Rwanda, angalia za Burundi, usifute mtu kwa sababu ya simu ya kuazima.

Mambo ya namna hiyo ni mengi. Sisi tuna jina, tuna postinomu, tuna prenomu. Programu kutoka nje inaacha nafasi mbili tu, basi afisa mmoja anaruka postinomu, mwingine anaruka prenomu, na mtu mmoja anakuwa wawili. Kuna Mwamini na Muamini, kuna Kavira na Kavhira. Kuna mzee asiyejua siku aliyozaliwa, lakini programu haimruhusu afisa kuendelea bila tarehe kamili, basi anamwekea tarehe 1 Januari, na mwishoni nusu ya wazee wa kambi wanaonekana wamezaliwa siku moja. Kuna bei zinazotajwa kwa dola asubuhi na kwa franga jioni. Kila moja ya shida hizi inahitaji kipande kidogo cha kode na maelezo machache. Kila moja inatatuliwa tena na tena na watu wasiojuana.

Sasa niseme kwa nini jambo hili ni zito kwetu kuliko kwa watu wa nchi tulivu. Mji wa Goma uliunguzwa na Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002. Volkeno hiyo ikatapika tena tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Watu wakaenda Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini, na katikati ya Februari vikafika Bukavu. Kambi zilizokuwa kandokando ya Goma zikaondoka. Mji ulikaa siku kadhaa bila umeme, bila maji, na intaneti ikakatika. Vijana wengi waliojua kazi hii wako leo Bujumbura, Kampala, Nairobi, Kinshasa au Nakivale. Kompyuta nyingine ziliporwa, nyingine ziliuzwa kwa bei ya kutupa ili mtu apate nauli ya boti au ya bisi.

Tuseme kijana mmoja alikuwa ametengenezea chama cha akina mama programu ya akiba yao: nani ametoa, nani amekopa, nani amelipa. Mashine imekwenda. Yeye yuko ng'ambo ya mpaka, na namba yake haipatikani. Akina mama wanarudia daftari la karatasi, na mwingine akija kuwasaidia hana pa kuanzia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanasema juu ya duka, lakini programu nayo ni mali.

Kama kode ile ingekuwa imewekwa mahali pa wote, kijana yule angeipata tena huko alikokimbilia, na mwenzake aliyebaki angeiendeleza hapa. Mtu anaweza kuhama akaacha godoro na sufuria, lakini kazi yake isibaki nyuma. Na kwa kijana aliyeko kambini Uganda au Burundi asiye na barua ya kazi wala diploma mkononi, kazi iliyowekwa wazi yenye jina lake na tarehe yake ni ushahidi wa ujuzi wake. Mwajiri anaweza kuifungua na kuona.

Watu wataniuliza: tutagawana namna gani na intaneti yenyewe ni ghali na inakatwakatwa? Swali ni la haki. Hatujasahau kwamba tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilifungwa nchini kote, na ilirudishwa baada ya karibu wiki tatu. Lakini chombo ambacho watengeneza programu wengi duniani wanakitumia, kinachoitwa Git, hakihitaji intaneti kila dakika. Torvalds huyo huyo wa Linux alikitengeneza mwaka 2005. Kila mtu anayechukua nakala anachukua kazi nzima pamoja na historia yake: nani alibadilisha nini, siku gani, kwa sababu gani. Mnaweza kubebeana kwa flashi kutoka Ndosho hadi Katindo, kila mmoja akafanya kazi yake gizani na betri, kisha siku intaneti ikipatikana mmoja wenu anapandisha kazi ya wote kwenye GitHub au GitLab. Mji ukizimwa, nakala kumi ziko kwa watu kumi.

Najua kwamba wengi tayari wanagawana katika makundi ya WhatsApp. Mtu anatuma picha ya kioo cha kompyuta yake, mwingine anajibu kwa sauti, tatizo limekwisha. Ni jambo jema na liendelee. Ila kundi la WhatsApp ni soko, si ghala. Baada ya siku mbili jibu limefunikwa na salamu, matangazo na habari za vifo. Picha ya kode hainakiliki kwa urahisi kama maandishi. Na simu ikipotea, yote yamekwenda. Kwa hiyo jibu likishapatikana, mtu mmoja alichukue aliandike mahali linapoweza kutafutwa.

Na kuandika huko kusiwe mzigo. Mistari minne inatosha: tatizo lilikuwa nini, kode hii inafanya nini, niliijaribu wapi na kwa nini, haifai kutumika wapi. Iandikwe kwa Kiswahili au Kifaransa, lugha ambayo mwenzako wa Kalemie au Bunia anaisoma bila kamusi. Wapo wanaodhani kwamba wakiandika kwa Kiswahili wataonekana hawakusoma. Mimi naona kinyume: anayeweza kueleza kazi yake kwa lugha ya shangazi yake ndiye aliyeielewa.

Kuna swali gumu zaidi, nalo ni la mkate. Kijana ananiambia: nikiweka kazi yangu wazi, mwingine ataichukua, ataiuza kwa shirika, na mimi nitabaki na njaa. Hofu hiyo si ya kijinga. Tumeona watu wakichukua jasho la wengine. Lakini kugawa hakumaanishi kutupa. Kuna leseni, yaani karatasi ya masharti inayowekwa pamoja na kode. Leseni ya MIT inamwambia mtu: tumia utakavyo, lakini jina langu usiliondoe. Leseni ya GPL, iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1989, inaongeza: ukiibadilisha na kuwapa watu wengine, nawe uiache wazi kama mimi nilivyoiacha. Na ile tarehe iliyoandikwa ndani ya Git inasaidia kuonyesha nani alitangulia kuiweka.

Zaidi ya hayo, tuangalie pesa zinatoka wapi hasa. Hapa kwetu ni watu wachache sana wanaonunua kode kama kode. Wanacholipia ni kusimikiwa programu, kufundishwa, na kurekebishiwa inapokwama. Kipande cha kusafisha namba za simu hakitamlisha mtu hata kikifichwa chini ya kitanda. Fundi wa pikipiki hafichi namna ya kubadilisha plagi. Wateja wanamrudia kwa sababu ya mkono wake. Hata hivyo, kazi ya kutunza kode ya wote inachosha, na wanaofaidika wanapaswa kuchangia. Mashirika yanayotumia pesa za wafadhili yana wajibu hapa. Yanapomlipa kijana atengeneze programu, yaandike katika mkataba kwamba kode na daftari lake vitabaki wazi mradi ukiisha, na yalipe siku za kuandika daftari hilo. Leo mradi unaisha, afisa anarudi kwao, programu inakufa, na mradi unaofuata unalipia tena kitu kile kile.

Wengine wanaogopa kwamba kilicho wazi kinaingiliwa kwa urahisi na wabaya. Mwezi Machi 2024 dunia ilishtuka kuona kwamba mtu aliyekuwa amejipenyeza kwa miaka miwili kama msaidizi mwema alikuwa ameingiza mlango wa siri ndani ya XZ, programu ndogo inayotumiwa na mashine nyingi sana za Linux. Mfanyakazi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, aliona tu kwamba kuingia kwenye mashine kumechelewa karibu nusu sekunde. Akafuatilia, akaukuta mlango, akatangaza, na mashine nyingi zikaokoka kabla programu ile haijasambaa. Aliweza kufuatilia kwa sababu kode ilikuwa wazi mbele ya macho yake. Funzo kwetu ni mawili. Kilicho wazi kinaweza kukaguliwa, lakini sharti awepo mtu anayekikagua. Usichukue kode ya mtu, wala ile uliyoandikiwa na mashine za akili bandia, ukaiweka kwenye orodha ya wakimbizi kabla hujaielewa na kuijaribu kwa majina ya uongo.

Na hapo nafika kwenye lile nililosema halipaswi kugawanywa. Ni majina. Kode igawanywe, orodha ya watu isigawanywe kamwe. Katika jimbo lenye vikundi vingi vya silaha, karatasi yenye jina la mtu, kijiji alichotoka, namba yake ya simu na mahali anapolala ni silaha. Anayeitafuta anaweza kujua nani alikimbia kijiji gani, mama gani hana mume nyumbani, kijana gani amefika umri wa kuandikishwa jeshini kwa nguvu. Hata jina la ukoo peke yake, kwetu, linasema mengi.

Msidhani hatari hii ni hadithi. Mwezi Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wa mitandao walikuwa wamezifikia habari za watu zaidi ya 515,000. Walikuwa ni watu waliotafutwa na ndugu zao, waliotenganishwa na vita au majanga, na wafungwa. Kama shirika kubwa namna ile, lenye wataalamu na mashine za ulinzi, liliingiliwa, itakuwaje kwa faili la Excel lililoachwa kwenye ukurasa wa wazi na kijana aliyekuwa anaharakisha?

Hatari hiyo inaingia kwa milango midogo. Mtu anaweka kode yake GitHub na kusahau kwamba ndani ya folda kuna orodha halisi aliyoitumia kujaribia. Mwingine anaacha neno la siri la seva katikati ya mistari. Mwingine anaomba msaada katika kundi la watu 200 na kutuma picha ya kioo yenye majina 15 na namba zao. Na msidanganyike kwamba ukifuta kesho yake umepona. Git inatunza historia. Kilichofutwa leo bado kinaonekana katika nakala ya jana, na wengine wanaweza kuwa wameshaichukua. Neno la siri likishatoka nje, dawa ni kulibadilisha mara moja. Jina la mtu na kijiji chake havibadilishiki. Kwa hiyo orodha isikae kabisa katika folda moja na kode, majaribio yafanywe kwa majina ya kubuni, na kabla ya kupandisha chochote mtu wa pili aangalie.

Kwa ninyi mliohama makwenu, hamna haja ya kujua kuandika kode ili kulinda majina yenu. Anapokuja mtu na simu, mna haki ya kumuuliza: unaandikia shirika gani? Majina haya yatakaa wapi, na nani atayaona? Nikihama, nitajulikana namna gani huko niendako? Nikitaka kurekebisha au kufuta habari zangu, nimwone nani? Afisa mwema hatakasirika. Asiyeweza kujibu hata swali moja, mwombeni amwite mkubwa wake kabla hamjaendelea.

Kwa walimu wa informatiki katika vyuo vikuu na shule za juu za Goma, Bukavu, Butembo na Uvira, ombi langu ni moja. Kila mwaka wanafunzi wanaandika kazi za mwisho wa masomo zenye programu ndani yake: ya duka la dawa, ya shule, ya parokia, ya hospitali. Mwanafunzi anatetea kazi yake, anapigiwa makofi, na kazi inafungwa kabatini. Ombeni kode ya kila kazi iwekwe wazi pamoja na daftari lake, na mwanafunzi wa mwaka unaofuata apate maksi kwa kuendeleza kazi ya aliyemtangulia, hata kama ni kwa mistari 20.

Na kwa ninyi vijana wenyewe, mlioko hapa na mlioko ng'ambo ya mipaka, msingoje mradi wala mfadhili. Juma hili watu watatu wakutane, au waandikiane kama wako mbalimbali. Waanze na ile mistari minne ya namba za simu, pamoja na onyo la kadi za Rwanda, la Burundi, na la simu ya kuazima. Wiki inayofuata washike majina matatu ya Kikongo na tarehe za wazee. Wayaweke chini ya leseni, kwa Kiswahili, na nakala moja ya flashi ibaki kwa kila mmoja. Kabla ya kufunga, wafungue folda kwa mara ya mwisho na kuhakikisha kwamba hakuna jina la mama wa mtu ndani yake.